Kipimo cha Akili ya Jiji

Kiswahili ni lugha ya pwani, na watu wa pwani hawafungi mlango upesi mgeni anapobisha hodi. Siku hizi mgeni mmoja amebisha, nasi bado hatujakubaliana tumwite nani. Ni lile jiji ambalo waandishi huliita mara jiji janja, mara mji mwerevu, mara jiji mahiri, mara jiji lenye akili. Msomaji wangu, usidhani kuwa majina haya manne ni mamoja. Mjanja ni sungura wa hadithi, ambaye hupata chakula chake kwa kumpunja fisi. Mwerevu ni yule aonaye upesi jambo ambalo wengine hawajaliona. Mahiri ni fundi aliyeizoea kazi yake. Na mwenye akili ni yule ajuaye, akalipima alijualo, kisha akatenda kwa kadiri ya alivyojua. Mimi nimechagua jina la mwisho. Ujanja haupimiki mpaka aulizwe aliyepunjwa, na katika jiji aliyepunjwa ndiye mtu asiyeulizwa kamwe.

Maana ya jina hili si ngumu. Jiji lenye akili hukusanya habari zake lenyewe: maji kiasi gani yapita katika bomba, magari mangapi yamekwama njia panda, taa ipi imezimika, hewa ya mtaa gani imejaa moshi. Kisha hutumia habari hizo, kwa msaada wa simu na kompyuta, kugawa maji, kuongoza magari, kuwasha taa na kuwaonya watu juu ya hatari. Fikira hii ilipata sauti kubwa tangu mwaka 2008, kampuni ya IBM ya Marekani ilipoanza kuitangaza ulimwenguni. Si ajabu kwamba muuza mitambo aliisifu mitambo, kwa kuwa hakuna muuza samaki asemaye kuwa samaki wake wameoza. Walakini fikira njema haiharibiki kwa kutangazwa na mwenye faida. Jiji lijualo mambo yake ni bora kuliko jiji lisilojua, na hilo halina mjadala.

Mjadala huanza kwenye kipimo. Penye sifa hapakosekani mashindano, na penye mashindano lazima atokee mtu mwenye kipimo mkononi. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, wakiongozwa na Rudolf Giffinger, walipima miji 70 ya Ulaya yenye ukubwa wa wastani. Waliigawa akili ya mji katika mafungu sita: uchumi, watu, utawala, usafiri, mazingira na maisha. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Viwango, liitwalo ISO kwa kifupi, lilitoa kiwango namba 37120, chenye vipimo vya huduma za miji na ubora wa maisha, na mwaka 2019 likatoa kingine, namba 37122, kwa ajili ya miji yenye akili hasa. Mwaka huo huo wa 2019 chuo cha IMD cha Uswisi kikatoa orodha ya miji 102 ya dunia, Singapore ikiwa ya kwanza. Nairobi yetu ilikuwamo, lakini miongoni mwa wale wafungao mkia.

Nimeandika alama nyingi katika ripoti za wanafunzi, nami najua kuwa alama husema kweli na huficha kweli kwa wakati mmoja. Alama 38 ya hesabu ni kweli. Walakini haikuambii kama mtoto hakuelewa kugawanya, au alielewa vizuri ila hakuona ubao kwa kuwa miwani yake imevunjika. Basi tulipoambiwa kuwa tumefunga mkia, sikuona haya wala sikukasirika. Nilitaka kuona karatasi ya mtihani.

Karatasi hiyo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huhesabu vitu. Kiwango cha 37122, mathalan, chataka kujua ni taa ngapi za barabarani, katika kila 100, zinazosimamiwa kwa mtambo, na ni majengo mangapi yenye mita za maji zinazotuma hesabu zenyewe bila mtu kwenda kuzisoma. Namna ya pili huwauliza watu. Orodha ya IMD hufanyika hivyo: wakazi huulizwa kama usafi wa kimsingi unatosheleza mitaa iliyo maskini kabisa, kama msongamano wa magari ni tatizo, kama kuripoti hitilafu kwa njia ya intaneti huleta matengenezo ya haraka. Mimi huipenda namna hii ya pili. Kuna heshima katika kumwuliza mwenye nyumba kama paa lake linavuja, badala ya kusimama barabarani na kuhesabu mabati.

Lakini ni watu wangapi waliulizwa? Katika kila mji waliulizwa watu 120. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi. Chukua kalamu, msomaji, ugawanye: kila mtu aliyeulizwa alisema kwa niaba ya watu zaidi ya 36,000. Usicheke upesi. Mpishi huonja kijiko kimoja tu akajua chumvi ya chungu kizima, wala hatumwambii anywe mchuzi wote ndipo aseme. Ila ni sharti chungu kikorogwe kwanza. Nairobi ni chungu kisichokorogwa. Muthaiga na Mathare zimetengwa na barabara moja tu na mwendo mfupi wa miguu. Upande mmoja bustani hunyunyiziwa maji, na upande wa pili mama hupanga foleni na mtungi wa lita 20. Ukichota kijiko juu, utasema mchuzi hauna chumvi. Ukichota chini, utautema.

Hilo ni tatizo la mwonjaji. Liko tatizo jingine, lililo kubwa zaidi, nalo ni la chungu chenyewe: hatujui vizuri kimebeba kiasi gani. Vipimo vingi vya miji, ukivitazama, ni hesabu ya kugawanya. Husema madaktari wangapi kwa kila watu 100,000, ajali ngapi kwa kila watu 100,000, na kadhalika. Juu huandikwa idadi ya vitu, na chini huandikwa idadi ya watu. Kila mtu hutazama ile ya juu. Ya chini, ambayo ndiyo msingi wa jengo, huachwa kama jambo lililokwisha kujulikana.

Kwa miaka mingi vitabu, magazeti na wageni waliokuja na kamera walisema kwamba Kibera ina watu milioni moja, na wengine wakazidisha. Idadi hiyo ilirudiwa hata ikawa kama jina la pili la mtaa. Sensa ya mwaka 2009 ilipotangazwa, Kibera ilionekana kuwa na watu 170,070. Wako waliofurahi, wako waliokataa, na wako waliouliza kwa sauti ya chini ni fedha kiasi gani zilizokuwa zimeombwa kwa jina la ile milioni. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika mtaa ule kulikuwa na vyoo 100 vya umma. Kwa hesabu ya milioni, choo kimoja kingehudumia watu 10,000. Kwa hesabu ya sensa, watu 1,700. Vyoo ni vile vile, na wala hakuna tofali lililoongezwa. Lakini mtaa wa kwanza ni msiba na wa pili ni shida. Ni nani awezaye kupima akili ya jiji ambalo halina hakika na idadi ya watoto wake?

Tena katika ramani za wakati ule Kibera ilikuwa pengo tupu, kama kwamba jiji lilifika hapo likafumba macho. Mwaka huo huo wa 2009 vijana wa Kibera wenyewe, katika kazi iliyoitwa Map Kibera, walibeba vyombo vidogo vya kupokea ishara za setilaiti, wakapita vichochoroni wakiandika zilipo zahanati, shule, vyoo, makanisa, misikiti na vioski vya maji. Pengo likajaa majina. Hapo ndipo ningeanzia mimi kupima. Kabla sijauliza jiji lina mitambo mingapi, ningeuliza ni mitaa mingapi iliyomo katika ramani yake, na nani aliyeichora.

Sasa niruhusu nikupeleke stendi ya matatu, kwa kuwa huko kuna somo ambalo vipimo vya mbali havikulijua. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010 hapakuwa na ramani kamili ya njia za matatu za Nairobi. Mpimaji angeuliza: Je, jiji lina ramani ya usafiri wa umma? La. Lina ratiba? La. Abiria hupata habari kwa mtambo? La. Angeandika sifuri tatu akaenda zake. Lakini kila alfajiri maelfu kwa maelfu ya watu walitoka Githurai, Kawangware, Kayole na Rongai, wakafika kazini. Ramani ilikuwapo. Iliandikwa katika vichwa vya madereva na makondakta, na ikasomwa kwa sauti na manamba mlangoni.

Kuanzia mwaka 2012 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, waliamua kuitoa ramani ile vichwani. Kazi yao iliitwa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila kituo na kila kona, safari baada ya safari. Ramani ilipotolewa mwaka 2014 ilikuwa na njia zaidi ya 130, zimechorwa kwa rangi kama ramani za treni za London. Serikali ya jiji ikaikubali kuwa ramani yake rasmi, na mwaka 2015 habari zake zikaingia katika ramani za Google. Hebu tafakari: siku ile jiji lilipanda daraja katika kipimo, ingawa hapakuwa na matatu mpya hata moja, wala njia mpya, wala dereva aliyeongezewa maarifa. Akili iliyokuwako iliandikwa, basi.

Kadhalika mwaka 2007, wale wataalamu wa Vienna walipokuwa wakiipima miji 70 ya Ulaya, hapa kwetu M-Pesa ilianzishwa, na mama muuza nyanya akaanza kupokea fedha kwa simu isiyokuwa na kitu zaidi ya vitufe na taa. Katika mafungu yale sita hapakuwa na mahali pa kumwandika. Simlaumu mtu. Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi na nguo kwa dhiraa; apimaye kitambaa kwa pishi hakukosea hesabu, amekosea chombo.

Lakini sitaki, msomaji, uondoke hapa ukiimba kwamba umaskini ni werevu na kwamba fujo ni hekima iliyojificha. Hapo tutakuwa tumeangukia shimo la pili kwa kuliogopa la kwanza. Matatu ileile yenye ramani kichwani hupandisha nauli mvua inaponyesha. Mkazi wa mtaa usio na bomba, anunuaye maji kwa mtungi, aghalabu hulipa kwa kila lita zaidi ya mwenye bomba nyumbani. Huo si werevu wa mtu yeyote. Kipimo chochote cha jiji katika nchi inayoendelea ambacho hakiulizi bei ya mtungi, na umbali wa kuubeba, sikiamini hata kikipambwa kwa namba 1,000.

Na hapa kwenye maji nina mfano niupendao. Katika Kayole-Soweto, upande wa mashariki wa Nairobi, kulianzishwa katika miaka ya 2010 utaratibu uitwao Jisomee Mita. Mteja huenda mwenyewe kwenye mita yake, husoma tarakimu, huzituma kwa simu, huletewa hesabu ya deni lake, kisha hulipa kwa simu, hata kidogo kidogo kwa kadiri ya mkono wake. Mita ni ya kawaida kabisa. Ukitumia kile kiwango cha mita zitumazo hesabu zenyewe, mtaa huo utapata sifuri, kwa sababu mita hizo haziwezi kusema neno bila mtu. Lakini jiji limejua maji yaliyotumika, mteja amejua deni lake, na msomaji wa mita aliyekuwa akikadiria akiwa ameketi ofisini hana tena nafasi ya kukadiria. Katika utaratibu huu chombo kilichoerevuka ni mtu. Sioni ni kwa nini asihesabiwe.

Kinyume chake simama katika njia panda yoyote kubwa ya katikati ya jiji saa kumi na moja jioni. Juu kuna taa za kuongoza magari, nyekundu, manjano na kijani, zikibadilika kwa adabu. Chini yake kuna askari wa trafiki mwenye glavu, naye huamuru magari yapite penye nyekundu na yasimame penye kijani. Dereva humtazama askari. Taa huendelea kuzungumza peke yake kama mwalimu ambaye darasa limetoka. Mpimaji wa vitu atahesabu taa na kuandika alama kamili. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alionya mwaka 1975 juu ya jambo la namna hii katika mambo ya fedha, na tangu hapo onyo lake limetumiwa kila mahali: kipimo kikigeuzwa kuwa shabaha, hupoteza thamani yake ya kupima. Walimu tulilijua hilo bila kusoma uchumi, maana tumewaona watoto waliokariri majibu ya mtihani wasioweza kueleza swali.

Labda utaniambia kwamba ni rahisi zaidi kujenga jiji jipya penye uwanda mtupu kuliko kulifundisha jiji la kale tabia njema. Konza ni fikira hiyo. Mwezi Januari mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe la msingi katika eneo la ekari 5,000, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, nalo limepata barabara, mabomba na hifadhi ya data. Siidharau kazi ile. Ila India, ilipoanza mpango wake mwaka 2015, ilichagua miji 100 iliyokuwapo tayari, yenye msongamano wake na mifereji yake iliyoziba, nami naona hapo ndipo penye mtihani. Jiji ambalo halijajaa watu halijaulizwa swali gumu.

Swali gumu huulizwa na mvua. Mwezi Aprili mwaka 2010 mvua kubwa ilipiga Rio de Janeiro, katika Brazil, ambayo kama sisi ina mitaa ya maskini iliyoning'inia kwenye miteremko. Zaidi ya watu 200 walikufa katika jimbo hilo. Kabla mwaka haujaisha jiji lilifungua kituo kikubwa cha kuongozea shughuli zake, kilichojengwa kwa msaada wa IBM, chenye ukuta wa vioo vya picha na wafanyakazi wa idara mbalimbali walioketi chumba kimoja. Magazeti ya dunia yaliusifu ukuta ule wa vioo. Mimi hukisifu kitu kisichokuwa na picha nzuri: ving'ora vilivyowekwa baadaye katika mitaa ya miteremkoni, ili habari iliyofika chumbani ifike pia kwenye kitanda cha mtu aliyelala.

Sasa rudi kwetu. Kabla ya mvua za masika za mwaka 2024 Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri kwamba sehemu nyingi za nchi, Nairobi ikiwamo, zingepata mvua zaidi ya kawaida. Basi habari ilikuwapo. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili mto Mathare ulifurika ukaingia ndani ya nyumba. Watu walipanda juu ya mapaa ya mabati gizani, na wengine hawakuwahi. Katika nchi nzima masika yale yaliwaua watu zaidi ya 200. Baadaye ikatoka amri kwamba wakaao ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa.

Nimeyafikiri mambo haya mara nyingi, na kila mara hufika pale pale. Jiji letu halikukosa kujua. Utabiri ulikuwa umeandikwa, mto ulikuwa unajulikana jina, na waliolala kandokando yake walikuwa wakionekana na kila apitaye darajani. Kilichokosekana ni mwendo kati ya kujua na kutenda. Laiti ningepewa kuchagua kipimo kimoja tu cha akili ya jiji katika nchi kama yetu, ningeacha kuhesabu mitambo, nikapima mwendo huo kwa saa: habari ya hatari ilipozaliwa ilikuwa saa ngapi, na ilipomfikia mtu wa mwisho, yule wa nyumba ya chini kabisa karibu na maji, ilikuwa saa ngapi. Mtu wa mwisho ndiye awe kipimo, kwa kuwa wa kwanza hupata habari hata katika jiji pumbavu.

Muhula uliofuata mafuriko yale niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kazi ya kupima. Shule yetu iko mashariki mwa Nairobi, na wengi wao hurudi nyumbani kwa miguu. Niliwapa maswali matatu tu. Maji yalikosekana nyumbani kwenu siku ngapi katika juma hili? Taa ngapi zinawaka katika njia unayoipita jioni? Ukipeleka lalamiko penye kuhusika, hupita siku ngapi kabla jambo halijatengenezwa? Niliwaambia wasimuulize mtu maoni yake, bali watazame, wahesabu, waandike. Watoto hupenda kazi ya kuhesabu vitu halisi. Walirudi na madaftari yaliyochafuka, jambo ambalo kwa mwalimu ni dalili njema.

Msichana mmoja alichukua swali la taa kwa moyo wote. Njia yake hupita kando ya ukuta mrefu wa ghala, mahali ambapo wasichana hutembea kwa makundi au hawatembei. Nguzo ya tatu taa yake ilikuwa imezimika. Kwenye nguzo palibandikwa namba ya simu ya ofisi ihusikayo, naye akatuma ujumbe. Dakika haikupita, jibu likaja: lalamiko limepokelewa, na namba yake ni hii. Darasa zima lilishangilia. Juma la kwanza likapita, la pili likapita, na katika juma la tatu ukaja ujumbe mwingine wa kumshukuru na kumjulisha kwamba lalamiko lake limefungwa. Jioni ile alikwenda kutazama. Taa ilikuwa imezimika vile vile.

Msomaji, lipime jambo hili kwa vipimo tulivyovitaja. Jiji lina njia ya kupokea malalamiko kwa simu: ndiyo. Hujibu katika muda mfupi: ndiyo, tena chini ya dakika moja. Malalamiko yaliyofungwa: yote. Mpimaji aliye mbali, akiletewa daftari la ofisi ile, angetoa alama ya juu, naye asingekuwa amedanganya wala kudanganywa kwa neno hata moja. Daftari la msichana lilikuwa na safu mbili tu. Ya kwanza, "Inawaka". Ya pili, "Haiwaki".

Ubishi ulizuka darasani tulipofika nguzo ya tatu, kwa sababu mambo yalikuwa yamebadilika tena. Mama mmoja auzaye mboga kando ya ukuta ule, ambaye wateja wake walikuwa wakikimbia giza, alikuwa ametundika taa yake mwenyewe kwenye mti mrefu, nayo iliangaza njia mpaka karibu na kona. Wavulana wawili walishikilia kwamba iandikwe "Inawaka", maana njia ina mwanga na mwanga ndio uliotakiwa. Wengine walisema kamwe, taa ya jiji haiwaki, na mama wa mboga hakuchaguliwa na mtu kuwa jiji. Mmoja akauliza nani humlipa mafuta. Nikawaacha wabishane mpaka kengele ikalia, nami sikutoa hukumu.

Kesho yake msichana aliniletea daftari nilisahihishe. Alikuwa ameongeza safu ya tatu kwa rula na kalamu nyekundu, wala hakuipa jina. Mbele ya nguzo ya tatu alikuwa ameandika: "Kuna mwanga mpaka saa tatu za usiku, mama akifunga kibanda."